Traiathloni Raskazone, maji mafu na shangazi yangu

Nianze na matokeo kabisa ya traiathloni yetu ya Raskazone, hapa Tanga, ili asije mtu akasoma mpaka chini anasubiri medali: sikushika nafasi yoyote ya kutajwa, nimemaliza katikati ya wanawake, nyuma ya kijana mmoja wa sekondari aliyepata pancha njiani, akaiziba mwenyewe, akanikuta tena akanipita. Ila nimemaliza vyote vitatu, na tangu siku ile nikipita Ngamiani lazima mtu aniulize, "we dada ndo yule uliyeogelea na nguo?" Ndo mimi. Huko kwenye nguo ntafika.

Kwa wasioujua huu mchezo, unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, na saa haisimami hata pale unapohangaika kuvaa viatu na miguu imejaa mchanga. Ulianzia Marekani, San Diego, mwaka 1974, af 1978 kule Hawaii watu wakabishana nani mwenye pumzi zaidi kati ya muogeleaji, mwendesha baiskeli na mkimbiaji, ubishi badala ya kuishia kwenye kahawa wakaunganisha yote kwa siku moja, kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180 na marathoni kamili juu yake, ndo ikawa Ironman. Kwenye Olimpiki umeingia Sydney mwaka 2000 kwa umbali wa kibinadamu kidogo, mita 1,500 majini, kilomita 40 za baiskeli na 10 za mbio. Sie tulicheza nusu ya huo wa Olimpiki, yani mita 750, kilomita 20, kilomita 5.

Ukimtajia mtu wa Tanga hizo namba anacheka. Baiskeli? Huu mji ni wa baiskeli, mtoto anaijua kabla hajaijua alifu, mama anaenda nayo sokoni na baibui lake, mzee wa miaka sabini anakupita hajali. Mbio? Mbio Watanzania tunazo, tangu Filbert Bayi anavunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch 1974 mpaka Alphonce Simbu kule Tokyo 2025 kachukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa tofauti ambayo jicho halioni. Kinachotukwamisha ni maji. Na maji ndo yako hapo mlangoni, sisi ndo watu wa pwani eti.

Mi nimezaliwa Chumbageni, bahari naiona tangu nina akili zangu, na mpaka nimevuka miaka thelathini kuogelea kwangu kulikuwa kule kwa maji ya kifua, kichwa juu, unajirusha mikono miwili mitatu unasimama unacheka. Wavulana wa rika letu walikuwa wanajitosa kutoka kwenye ngazi za bandari na kwenye vyombo, wanapigwa nyumbani wanarudi tena. Wasichana tulikaa na viatu vyao. Sasa hao wavulana wenyewe ukiwaambia leo waogelee mita mia moja bila kusimama wengi hawafiki, maana walijifunza kuruka na kupiga mbizi, umbali hawakuwahi kuwa na shida nao. Mvuvi ndo anaijua bahari lakini na yeye anaijua akiwa juu ya chombo.

Kijana aliyenifundisha pale klabu ya kuogelea Raskazone (jina lake silitaji, hapendi) kitu cha kwanza alichonifanyia ni kunizuia kuogelea. Simama hapo, maji ya kiuno, zamisha uso, toa pumzi yote ndani ya maji mpaka iishe, inua uso uvute. Basi. Kila nikija ni hivyo hivyo, nilijiona naibiwa hela yangu. Lakini maelezo yake yaliniingia: mtu asiyezoea akizamisha uso anabana pumzi, na kinachomfanya ahisi anakufa baada ya muda mfupi si kwamba oksijeni imeisha, ni ile kaboni dayoksaidi aliyoibana kifuani inagonga mlango itoke. Akiinua kichwa anataka atoe na avute kwa wakati mmoja, hapo ndo maji yanaingia puani na akili inaruka. Ukizoea kutoa pumzi chini, juu kunabaki kazi moja tu ya kuvuta. Na kichwa kikizama miguu inapanda, ukiogelea umeinua kichwa miguu inaning'inia unaburuta mwili mzima, shingo inauma, mita hamsini umekwisha. Aisee sijawahi kuelezwa kitu kwa lugha nyepesi hivyo, hata shuleni.

Haya, nguo. Nilinunua burkini, lile vazi la kuogelea la stara, suruali na gauni fupi juu yake na kofia inayoshika kichwa. Zuri, kitambaa hakinywi maji sana. Shida ni lile gauni, ukisukuma maji linajaa, linafura tumboni, unakuwa unavuta mwavuli uliofunguliwa. Nikampelekea fundi cherehani wangu barabara ya kumi na mbili nikamwambia punguza hapa ubavuni, hapa kiunoni libane, huku chini tia mpira lishike kwenye mapaja lisipande. Kaligeuza geuza, kanitazama, "Dada, hii ni ya shughuli gani?" Nikamwambia ya baharini. "Baharini kuna nani wa kukupima kiuno?" Lakini kalishona vizuri mno, na siku ya mashindano sikuvua kitu, nilitoka majini na nguo ile ile nikapanda nayo baiskeli, imekaukia mwilini kabla sijafika Amboni. Wenzangu waliokuwa wanahangaika kuvuta fulana kwenye mgongo uliolowa niliwapita pale pale. Kwa hiyo ndugu zangu mnaoniuliza ile nguo si ilikurudisha nyuma, majini labda kidogo, nchi kavu ilinisogeza mbele.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndo lilikuwa mashindano yenyewe, ni kupwa na kujaa.

Walioandaa wengi si watu wa hapa, ni watu wazuri, wamejipanga, wana spika na mahema na kila kitu, ila tarehe ya kwanza waliyotaka waliichagua kwa kalenda ya ofisini, Jumapili fulani ambayo wageni wangepata nafasi. Mjomba wangu, mvuvi wa zamani, nilipomtajia tarehe hakujibu, akahesabu kwa vidole akauliza, "Hiyo si mwezi kumi na sita? Bamvua hilo. Mnaogelea saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi wafungeni kamba, mtawafuata Pemba."

Kwa msioishi pwani niwaeleze, mjomba anahesabu siku tangu mwezi uandame. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta maji kwa pamoja, hayo ndo maji ya bamvua, yanajaa sana na yanatoka sana, hapa kwetu tofauti ya juu na chini inafika mita tatu hivi. Mwezi ukiwa nusu vinavuta kwa kupishana, ndo maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Na kwa upande wetu huu saa zake hazihangaiki sana, bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, kwa hiyo kufika saa nne saa tano asubuhi yamekauka unatembea mpaka kwenye miamba. Maana yake saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili ndo yanatoka kwa kasi kuliko wakati wowote, ghuba nzima inamwagikia baharini na wewe umo ndani na kofia yako ya rangi. Maji mafu ni kinyume, yanajaa kwenye saa nne saa tano asubuhi, alfajiri ndo yameanza kupanda, taratibu, na yanaingia ndani ya ghuba. Hata ukichoka yanakuleta nyumbani.

Mjomba akasema sogezeni mpaka mwezi ishirini na mbili. Nikalipeleka hilo kwenye kikao, nikatarajia wataniona mshamba, lakini yule mwenye dhamana ya usalama akafungua jedwali la maji kwenye simu, akakaa kimya, akasogeza tarehe siku hiyo hiyo. Jedwali na vidole vya mzee vimetoa jibu moja. Bado naamini kwenye kamati yoyote ya mchezo wa baharini mvuvi mmoja awemo, alipwe posho yake kama wengine, asiitwe tu siku ya mwisho kukodishwa ngalawa.

Siku yenyewe, mwezi wa tisa, kusi limeshapoa, alfajiri hakuna upepo kabisa, maji yametulia. Maboya yalikuwa madumu ya njano yamefungwa nanga, ngalawa nne tano zimekaa pembeni na vijana ndani, na mjomba kwenye mojawapo kavaa fulana ya waandaaji inayombana tumbo, kajaa tele. Wanaume walitangulia, sie wanawake dakika chache nyuma yao. Hakuna aliyekuambia utapigwa teke la pua? Basi mi nakuambia. Pale mwanzo kila mtu anataka dumu lile lile, mkono wa mwenzio unatua mgongoni mwako, miguu ya mbele inakupiga miwani ikajaa maji, na pumzi zote za klabuni zinasahaulika. Nikajitoa pembeni kulia, nikalala chali, nikahesabu pumzi, nikaanza upya peke yangu. Sehemu ya kwanza tulielekea mashariki na jua ndo linachomoza, kwa hiyo dumu la njano hulioni, unaona mng'aro tu, wengi walikwenda upande upande kwa sababu hiyo. Nilichofundishwa ni kutotafuta dumu, tafuta kitu kikubwa kisichotembea kilicho nyuma yake au pembeni yake, kila mikono sita saba inua macho tu, mdomo ubaki majini, angalia, rudi. Wakati wa kurudi nilikuwa na kisiwa cha Toten mbele kushoto, nikakishikilia hicho hicho, na maji nayasikia kabisa yananisukuma mgongoni. Konyeza mmoja alinigusa mkononi, ikawasha, nikasema haya na wewe.

Nikatoka. Mita 750 nimetoka na akili zangu! Nikawa nacheka peke yangu nakimbia kwenye mchanga.

Kwenye eneo la kubadilishia, baiskeli zimetundikwa kwa mstari, kila mtu na namba yake, sheria ni nyingi na nyingine ukizisikia unaona hizi za kutafutana ubaya. Helmeti uifunge kabisa kabla mkono haujagusa baiskeli. Humo ndani hupandi, unaisukuma mpaka kwenye mstari. Na hupokei msaada wa mtu yeyote wa nje, hata maji, isipokuwa kwenye meza za waandaaji. Hii ya mwisho shangazi yangu hakuambiwa. Nimeinama nafunga viatu naona kanga inatua mgongoni mwangu, shangazi kapita chini ya utepe, kanga mkono mmoja, mkono mwingine dafu limeshakatwa, "Jikaushe kwanza mwanangu, utashikwa na kichomi." Mwamuzi kijana kaja mbio.

"Samahani mama, haruhusiwi kusaidiwa."

"Kasema nani?"

"Ni sheria mama, ataadhibiwa."

"Huyu mtoto wa kaka yangu. Sheria gani ya kumkataza mtu asimfute mtoto wake maji?"

"Shikamoo mama, naomba tu tutoke…"

"Marahaba. Sitoki, na dafu atakunywa."

Nikamwambia shangazi niache tafadhali nitafukuzwa, akanitazama nikajua hilo tutalimaliza nyumbani, nikakimbia na baiskeli yangu. Dafu nasikia alikunywa yule mwamuzi. Sikupewa adhabu, kijana alikuwa na adabu zake.

Baiskeli tulitoka Raskazone, tukapita mjini, tukashika barabara ya Horohoro mpaka Amboni tukageuza. Trafiki walisimamisha magari kwenye makutano lakini huko mbele barabara ni ya watu wote, malori ya Mombasa, bajaji, bodaboda zenye abiria watatu wanaokupigia kelele "kaza dada kaza!" Ukishavuka mto Mkulumuzi kuna mlima, si mrefu, ila miguu iliyotoka kupiga maji hauipendi. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ya resi, gia zake mbili hazishiki, fundi kaniambia zoea kuziruka, nimezoea.

Kuna sheria nyingine, huruhusiwi kujificha nyuma ya mwenzio, maana aliye mbele anakukatia upepo na wewe unatumia nguvu kidogo, kwa sisi wa ridhaa nafasi ni mita kumi. Tanga hiyo! Mji ambao watu wanaendesha wawili wawili wanasimuliana habari za msiba toka Pongwe mpaka mjini. Nikiwa kwenye tambarare nikamkuta baba mmoja muuza maziwa, baiskeli yake ya Phoenix na madumu mawili ubavuni anayawahisha, naye kaniona kaongeza mwendo. Hakutaka kupitwa na mwanamke, basi. Nikikaza anakaza. "Mnakimbizana na nani?" Namwambia mashindano mzee wangu, shikamoo. "Marahaba, basi twende." Akakaa mbele yangu, upepo umeshaanza kutoka baharini, mi niko nyuma yake nimepoa. Mwamuzi wa pikipiki katokea pembeni, kapuliza filimbi, kanyoosha kidole: "Wewe! Toka nyuma ya maziwa!" Baba wa maziwa alicheka madumu yakagongana. Nilimpita kwenye kona, lakini nasema wazi alinipunguzia kazi ya kilomita nzima.

Ukishuka kwenye baiskeli uanze kukimbia, hapo ndo watu wanaonekana. Miguu haijui imebadilishiwa kazi, mapaja yanataka kuzunguka, hatua zinatoka fupi fupi, unajiona umesimama. Tulikimbia toka Raskazone, chini ya ile miti mikubwa, tukapita Hospitali ya Bombo mpaka Bustani ya Jamhuri na kurudi. Wagonjwa na ndugu zao wametoka ukutani wanaangalia, bibi mmoja ananiuliza "mnakimbia nini saa hizi?" Ilikuwa imeshafika saa mbili, na joto la Tanga si la jua peke yake, ni hewa yenyewe imejaa maji, jasho halikauki, linachuruzika tu, na jasho lisipokauka halikupozi. Kwenye meza niliomba maji na chumvi kidogo. Dafu ni zuri na silikatai, lina potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo na kinachotoka kwenye jasho zaidi ni hiyo hiyo chumvi, ukinywa madafu na maji matupu peke yake kwa mwendo mrefu chumvi iliyotoka hairudi yote. Usimwambie shangazi.

Kilomita ya mwisho siikumbuki vizuri. Nakumbuka kijana wa pancha ananipita anasema "shikamoo dada" anapita nayo, sijui niitikie au nilie.

Majibu yalitumwa kwenye grupu la WhatsApp jioni, na ukiangalia muda wa kila kipande unaona kitu. Baiskeli watu wa Tanga walikuwa juu, kuna fundi baiskeli mmoja aliendesha kwa kasi kuliko wageni wote, mbio tulikwenda sawa, maji ndo tuliachwa, na wenyeji wengi waliojiandikisha hawakuonekana kabisa asubuhi ile kwa sababu ya hizo mita 750 tu. Yule fundi kaingia nchi kavu wa mwisho kabisa, kaogelea ubavu ubavu kichwa juu muda wote, kashika ngalawa ya mjomba apumzike (inaruhusiwa, mradi isikusogeze mbele), kisha kapita watu barabarani kama hana hesabu nao. Huyu akifundishwa kutoa pumzi chini ya maji sijui atazuiwa na nani.

Ndo maana tumeanza kukutana wanawake kadhaa, na huyo fundi tumemruhusu aje kwa masharti akae upande wake. Siku na saa hazina ratiba, tunafuata maji, mjomba anapiga simu usiku anasema kesho baada ya alfajiri au kesho lala. Ukitaka kuja njoo Raskazone na nguo yako yoyote ya stara inayobana kiunoni, namba ya fundi cherehani ntakupa tukionana. Miwani njoo na yako, ya kuazima ninayo moja tu na mpira wake umelegea.